Discovery 3 Imelala Upande: Ya Kutengeneza Mwenyewe na Ya Kumwachia Fundi

Swali hunifikia kwa maneno tofauti, lakini ni lile lile. "Kaka, asubuhi nimekuta gari limelala upande mmoja, dashibodi imejaa taa, na fundi anataka hela ya kompresa mpya. Nimpe?"

Usimpe bado.

Nina Discovery 3 ya mwaka 2006, dizeli ya lita 2.7, na nimeishi nayo miaka tisa hapa Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza nami nililipia kompresa. Ya zamani haikuwa ikitoa sauti, fundi akasema imekufa, tukafunga mpya. Nayo ikawa kimya vile vile. Kijana wa wayaringi aliyekuwa anakunywa chai pembeni akaja, akachomoa rilei moja kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti, akaipasua kwa bisibisi na kunionyesha ndani: vile vibati viwili vinavyogusana vilikuwa vyeusi kama sufuria ya mkaa. Rilei yenyewe haizidi kiberiti kwa ukubwa. Kompresa yangu ya zamani ilikuwa nzima, na hadi leo ipo stoo.

Land Rover walitengeneza Discovery 3 kuanzia 2004 hadi 2009. Nyingi ya zilizoko mikononi mwetu zilikuja mtumba kutoka Uingereza, na sasa hata iliyo changa kabisa imepita miaka kumi na mitano. Magonjwa yake yanajulikana. Nitataja yale ambayo mtu mwenye spana, mita ya umeme na subira anaweza kuyamaliza nyumbani, na nitasema wazi pa kuishia. Ukiwa na Range Rover Sport ya miaka hiyo hiyo, mengi yatakuhusu, maana chini ya bodi ni ndugu wa karibu.

## Kabla hujashika spana

Gari hili likiwa tupu lina uzito wa takribani tani mbili na nusu. Tena linakaa juu ya hewa, na hewa inaweza kutoka bila hodi. Haya hayana mjadala:

- Jeki ni ya kuinulia tu. Ukishainua, weka stendi mbili imara chini ya chesisi. Usiweke tofali wala gogo, na usiziweke chini ya mikono ya tairi.
- Breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiinua nyuma, hakuna kinachozuia gari. Weka vigingi mbele na nyuma ya tairi zilizobaki chini.
- Hata gari likiwa limezimwa na kufungwa, kompyuta ya hewa huamka yenyewe baada ya muda na kulisawazisha. Kwa hiyo usiingize kichwa wala mkono kati ya tairi na madigadi hadi uwe umechomoa fyuzi ya mfumo huo na gari lipo juu ya stendi.
- Tangi la hewa huweza kuwa na mgandamizo wa baa 16 hivi, zaidi ya mara tano ya upepo wa tairi. Usilegeze bomba lolote kwa kujaribu tu.

Vifaa si vingi: mita ya umeme ya kawaida, seti ya soketi, tochi ya kuvaa kichwani, futikamba, chupa ya kunyunyizia na sabuni ya vyombo. Ukiweza, tafuta na skana. Hapo watu wengi hukosea: kile kiskana cha bei ya chini kinachounganishwa na simu husoma injini tu. Hakijui habari ya hewa wala breki ya mkono. Unataka kinachosoma moduli zote za Land Rover, kama GAP IIDTool. Ni ghali kwa mtu mmoja, lakini watu watatu au wanne wenye magari haya mtaa mmoja wanaweza kuchangiana.

Ukisoma makosa, yapige picha kwanza ndipo uyafute. Fundi akifuta kabla hujaona, ameondoka na ushahidi.

## Anza na betri, hata kama huamini

Najua utasema, "Lakini gari linawaka mara moja." Linawaka, ndiyo. Ila kompyuta za gari hili huanza kulalamika umeme ukipungua kidogo, muda mrefu kabla stata haijahisi chochote. Nimeona gari likitangaza ubovu wa hewa, gia boksi na breki kwa wakati mmoja, na dawa ya yote ikawa betri.

1. Gari likiwa limelala usiku kucha, pima kwenye vichwa vya betri kabla ya kuwasha. Volti 12.6 ni nzuri. Ikiwa 12.2 au chini, betri ina njaa au imezeeka.
2. Mwambie mtu awashe wakati wewe unaangalia mita. Ikishuka chini ya 10 na kukaa huko, betri imechoka.
3. Injini ikiwa inaunguruma, unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.7. Pungufu ya hapo, angalia belti na alteneta kabla hujanunua betri.
4. Safisha vichwa vya betri na pale waya wa hasi unapoungana na bodi. Kutu ya kijani hapo ni chanzo cha mizimu mingi.

Kosa la kawaida ni kununua betri ndogo kwa sababu "inaingia". Dizeli hii inahitaji betri kubwa, ya Ah 90 hivi. Ya Ah 70 itawasha gari miezi michache, kisha taa zitarudi na utaanza kumlaumu fundi.

Ukitoa betri, zima gari, subiri dakika kadhaa kompyuta zilale, toa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Ukiwasha utaona taa za onyo, usiogope. Zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto. Kanyaga breki ya mguu, vuta swichi ya breki ya mkono, kisha iachie. Nyingi zitazimika hapo hapo.

## Gari limelala: tafuta kona yenye kosa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

Mfumo una mabegi manne ya hewa, moja kila tairi, sensa nne za kimo, tangi la akiba, kompresa, na bloku za valvu zinazogawa hewa. Mara nyingi gari likilala, hewa inavuja mahali pamoja tu. Shida ni kwamba gari hukudanganya. Kona moja ikishuka usiku, kompyuta ikiamka huwa haiwezi kuinua kona hiyo kwa kuwa injini imezimwa, basi inazishusha nyingine zilingane nayo. Asubuhi unakuta gari zima lipo chini na unaambiwa mabegi yote yamekwisha. Si kweli.

Fanya hivi:

1. Jioni egesha pahala tambarare, kimo cha kawaida, kisha zima.
2. Kwa futikamba, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi juu yake. Andika namba nne.
3. Angalia kwenye kitabu cha gari fyuzi ya mfumo wa hewa ni ipi, uichomoe. Boksi moja la fyuzi lipo chini ya boneti, jingine nyuma ya kabati la dashibodi. Usichomoe kwa kubahatisha.
4. Asubuhi, kabla ya kurudisha fyuzi, pima tena.

Sasa kompyuta haikuweza kuingilia, na kila kona imesema ukweli wake:

- Kona moja imeshuka: begi la kona hiyo, bomba lake, au valvu yake.
- Mbili za mbele, au mbili za nyuma, zimeshuka pamoja: shuku bloku ya valvu ya upande huo.
- Hakuna iliyoshuka, lakini fyuzi ikiwepo gari hulala: hewa haivuji. Shuku sensa ya kimo inayotoa habari za uongo. Angalia kwanza plagi yake na kile kimkono chake kidogo, maana hukatwa na mawe ya barabarani.

Ukishajua kona, rudisha fyuzi, washa gari na ulipandishe kimo cha juu, yaani kile cha barabara mbaya, ili mikunjo ya begi ifunguke. Zima. Chomoa fyuzi tena. Kona za mbele, geuza usukani upate nafasi, na uangalie kwa tochi ukiwa nje, si chini ya gari. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye kiungo cha bomba juu ya begi, kisha kwenye mkunjo wa chini wa mpira wenyewe.

Halafu subiri. Watu hunyunyiza, wanatazama sekunde tano, wanasema hakuna kitu. Kwenye gari langu, kona ya mbele kushoto, povu lilichukua karibu dakika mbili kujitokeza: vijipovu vidogo kama punje za ulezi, vimejipanga kwenye mkunjo wa chini, pale mpira unapojikunja kila siku na kusaga vumbi. Tundu lenyewe hulioni kwa macho.

Kama ni kiungo cha bomba, umepata unafuu. Gari likiwa juu ya stendi na hewa ya kona hiyo imetolewa kwa skana, kata ncha ya bomba kama sentimita moja kwa wembe mkali, iwe sawasawa, na ufunge konekta mpya. Ile ya zamani hairudiwi.

Kama ni mpira, usipoteze muda na gundi wala kiraka. Kinashika hadi kona ya kwanza. Badilisha shokapu lote na begi lake. Wapo wanaouza mpira mtupu wa kubana kwa ringi. Sijawahi kuona uliomaliza mwaka kwenye barabara zetu.

Kubadilisha shokapu la mbele nyumbani kunawezekana kama umewahi kutoa shokapu la gari jingine. Kama hujawahi, usianzie hapa. Ukifunga jipya, usiteremshe gari kwenye tairi zake likiwa halina hewa ndani ya begi: mpira utajikunja vibaya na kuchanika siku hiyo hiyo. Jaza kwanza kwa skana gari likiwa bado juu, ndipo ushushe.

## Kompresa: sikiliza kabla ya kuhukumu

Kompresa ipo chini upande wa kushoto, mbele kidogo ya tairi la nyuma, ndani ya kifuniko. Washa injini gari likiwa limeshuka, uliamuru lipande, kisha simama hapo utege sikio.

- Kimya kabisa: angalia fyuzi, kisha rilei. Nunua rilei mpya kabla hujazungumza habari ya kompresa. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huu.
- Inalia lakini gari halipandi, au linapanda kwa dakika nyingi: ama hewa inavuja, ama kompresa imechoka. Maliza uchunguzi wa sabuni kwanza. Kompresa iliyochoka mara nyingi imeuawa na tundu lililoachwa miezi.
- Inalia bila kupumzika hata gari likiwa limezimwa: rilei imeganda. Chomoa haraka, la sivyo mota itaungua.
- Inagonga kama cherehani yenye sindano iliyopinda: hiyo kweli ni ya kubadilisha.

Ukibadilisha, badilisha na rilei pamoja. Iliyozeeka inaweza kuiua mpya. Na ukikuta unga mweupe kwenye mabomba, ni chembe za kukaushia hewa zilizosagika. Unga huo huziba valvu, hivyo safisha mabomba kabla ya kufunga kitu kipya, vinginevyo utarudi hapo hapo. Jambo jingine: kompresa za kwanza zilikuwa Hitachi, baadaye zikaja AMK. Ukitoka Hitachi kwenda AMK, kompyuta ya hewa inahitaji programu mpya. Muulize anayekuuzia kama ana uwezo wa kuiweka. Akikushangaa, tafuta mwingine.

## Taa zote zimewaka kwa mpigo: shuku swichi ya breki

Unakanyaga breki kwenye foleni, na ghafla dashibodi inasema udhibiti wa mteremko haupo, hewa ina kosa, pengine na lever ya gia inakataa kutoka P. Dakika kumi baadaye yote yamepotea. Wengi huambiwa gia boksi imekwisha. Baada ya betri, mshukiwa wangu wa pili ni swichi ya taa za breki, kidubwasha cha plastiki kinachokaa juu ya pedali.

Pingamizi ninalolisikia: "Taa za breki zinawaka, kwa hiyo swichi ni nzima." Hapana. Ndani ya swichi hiyo kuna njia mbili za umeme. Moja inaweza kuwasha taa, huku nyingine inayopeleka habari kwa kompyuta ikikatika katika.

Kubadilisha ni kazi ya nusu saa, mgongo wako ukikuruhusu kulala chini ya usukani:

1. Zima gari, toa ufunguo, weka vigingi.
2. Fungua kifuniko cha chini ya dashibodi upande wa dereva.
3. Chomoa plagi, zungusha swichi kidogo, itatoka.
4. Weka mpya bila kukanyaga pedali. Swichi hujipima yenyewe mara moja tu, pale inapoingia. Ukikanyaga pedali kabla haijakaa, au ukibonyeza kile kipini chake kwa kidole ili "kuijaribu", imeharibika kabla ya kazi. Mimi niliharibu moja hivyo, nikiwa na sifa zote za fundi wa nyumbani.
5. Rudisha plagi, washa, mwombe mtu aangalie taa nyuma.

Kwa swichi, nunua orijino. Kopi zake hufa mapema, na kurudi chini ya usukani kwa mara ya tatu si starehe.

## Breki ya mkono inayolia kama mbuzi

Ukivuta swichi ya breki ya mkono nyuma inalia mlio mrefu wa kukera, kisha taa inamweka. Mota yake huvuta kamba mbili hadi shuu ndogo zilizo ndani ya diski za nyuma. Vumbi na tope vikiingia humo, au shuu zikiwa zimelegea, mota huvuta kupita kiasi hadi inajifungia.

Ukisikia mlio mara ya kwanza, acha kuitumia hadi uisafishe. Anayeendelea kuvuta huku inalia ndiye anayekuja kununua mota nzima.

- Inua nyuma, stendi, vigingi mbele. Breki ya mkono iwe imeachiwa.
- Toa tairi na diski. Diski iking'ang'ania, usiipige nyundo usoni. Legeza kwanza kirekebisho kupitia kitundu chake.
- Safisha vumbi kwa brashi na kisafishia breki. Usilipulize kwa mdomo.
- Kagua unene wa shuu na springi zake.
- Rudisha diski, kaza kirekebisho hadi tairi lishike, kisha kirudishe nyuma kwa idadi ya meno iliyoandikwa kwenye kitabu cha ufundi. Pande zote mbili ziwe sawa.

Usiingize vidole kwenye kamba wala mota betri ikiwa imeunganishwa. Mota ile haina huruma. Na ikikwama imeshika barabarani, kuna kitanzi cha kuiachia kwa mkono chini ya kifuniko cha kati, karibu na viti vya mbele. Kitafute leo ukiwa nyumbani, usingoje usiku wa Mikumi.

## Maji miguuni mwa abiria

Masika yakianza, barua za maji huongezeka. Kabla ya kufungua chochote, yaonje kwa pua na kidole. Yakiwa baridi, safi, na huja tu ukiwasha AC, bomba la kutolea maji ya AC limeziba. Yakiwa na utelezi na harufu tamu, na kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta, ni kulanti kutoka kwenye hita. Hiyo mpe fundi, maana dashibodi lazima itoke. Yakija baada ya mvua, angalia sanrufu.

Sanrufu huvuja maji kwa kawaida. Imetengenezwa hivyo, na mabomba ya pembeni huyateremsha hadi nje. Majani ya mwarobaini au vumbi yakiziba, maji hutafuta njia ya ndani, na ndani kuna kompyuta.

Mimina kikombe kimoja cha maji taratibu kwenye kona za mbele za sanrufu, kisha uone kama yanatoka chini ya gari. Yasipotoka, chukua ile kamba ya plastiki ya mashine ya kukatia majani, iviringishe ncha yake kwa moto isiwe na makali, uisukume taratibu ndani ya tundu. Usitumie upepo wa kompresa: bomba likichomoka kwenye kiungo chake ndani ya nguzo ya kioo, umejitafutia kazi ya siku mbili.

Kapeti likilowa, liinue. Chini yake kuna sponji nene inayoshika maji wiki nzima, huku wewe ukifikiri pamekauka.

## Madogo ya kumaliza haraka

- Moshi mweusi, gari halina nguvu, na sauti ya kupuliza: hozi ya turbo imepasuka. Papasa upande wa chini. Mafuta meusi yatakuonyesha.
- Mlango wa nyuma wa juu haufunguki: kiswichi cha kufuli. Ni cha kubadilisha, hakitengenezeki.
- Kugonga mbele kwenye matuta: bushi za mikono ya chini. Boliti zake huganda kwa kutu hadi zikatwe, na ukimaliza lazima upange tairi. Kwangu mimi hii ni ya gereji.
- AC dhaifu: kabla ya kujaza gesi, toa chujio la hewa nyuma ya kabati la dashibodi. Moja nililolitoa lilikuwa na kiota cha panya.

## Usiguse hizi

Belti ya taimingi ya dizeli hii inahitaji vifaa maalumu vya kufungia, na nyuma ya injini kuna belti ya pili, ya pampu ya dizeli, ambayo wengi huisahau. Ukimpa fundi, mwambie kwa mdomo wako: zote mbili.

Mabomba ya dizeli kwenda kwenye nozeli hubeba zaidi ya baa 1,500. Yakitoboka, dizeli hupenya ngozi kama sindano, na mtu akaweza kupoteza kidole. Usiyalegeze injini ikiwaka, hata kama umeona fundi wa lori akifanya hivyo.

Mafuta ya gia boksi ya ZF yenye gia sita yaliuzwa kama ya kudumu. ZF wenyewe wanashauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Sampu ni ya plastiki, na chujio limo ndani yake, kwa hiyo vyote hubadilishwa pamoja. Na kiwango hupimwa injini ikiwaka, mafuta yakiwa na joto maalumu linalosomwa kwa skana. Kama huna skana, usifungue.

Oili ya injini unaweza kubadilisha mwenyewe, na ufanye hivyo mapema. Injini hizi zina sifa mbaya ya kukata kranki, na hakuna wa kukuhakikishia yako haitakata. Mimi nabadilisha kila kilomita 8,000, 5W-30 yenye kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, na sijali anayesema ninapoteza hela.

## "Kwa nini nisitoe hewa niweke springi?"

Unaweza, na wengi wamefanya. Gari halitalala tena. Lakini utapoteza kimo cha kupanda na kushuka, taa za hewa zitahitaji kifaa cha kuzidanganya, na ukibeba mzigo nyuma itaketi. Kama mabegi matatu na kompresa vimekufa pamoja na mfuko hauruhusu, sitakulaumu. Kama ni kona moja, huo ni ugomvi wa bure: fanya kwanza ile kazi ya futikamba na sabuni.

Ukienda kununua vipuri, beba namba ya chesisi, zile herufi na tarakimu 17, na kipuri cha zamani mkononi. Discovery 3 na 4 zinafanana kwa macho, si kwa kila plagi. Vya mtumba kutoka Uingereza vinafaa kwa milango, taa na viti. Mabegi ya hewa ya mtumba usinunue: mpira umezeeka hata kama umefutwa ukang'aa.

## Jumamosi moja kwa ajili ya tairi la akiba

Hili hakuna anayeliuliza hadi apate pancha. Tairi la akiba limening'inia chini ya gari nyuma, na hushushwa kwa winchi unayoizungusha kupitia kitundu kwenye sakafu ya buti. Kutu na tope huigandisha.

Lishushe ukiwa nyumbani, kwa mkono, kwa spana iliyokuja na gari. Usitumie drili ya umeme, itavunja winchi. Safisha waya wa winchi, paka grisi, pima upepo wa tairi, kisha lirudishe hadi usikie winchi inabana. Ukiwa hapo, fungua mfuko wa vifaa uone kama kile kichwa cha nati za kufuli bado kipo. Kwenye magari ya mtumba mara nyingi hakipo, kimebaki Uingereza kwenye droo ya mtu. Kama hakimo, tafuta fundi azitoe nati hizo nne wiki hii, uweke za kawaida.